Hawatupigii kura sisi

Chumba cha habari ninachofanyia kazi hapa Dar es Salaam kina wataalamu wa Marekani wengi kuliko wataalamu wa Kigamboni. Ikifika Novemba ya uchaguzi wao, televisheni ya ukutani haizimwi na kila mtu ana jibu. Mwaka 2016 jibu lilikuwa moja: Wamarekani ni wabaguzi, basi. Mwaka 2024 likaongezeka la pili: hawataki kutawaliwa na mwanamke. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na asije mtu akaniambia ubaguzi wa Marekani ni hadithi. Ila jibu linalotoka kabla kura hazijaisha kuhesabiwa mimi hulitilia shaka.

Chukua Kaunti ya Howard, jimbo la Iowa, kule mpakani na Minnesota. Ni mashamba, watu elfu tisa na ushei, karibu wote Wazungu. Norman Borlaug, yule wa mbegu za ngano aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 1970, alikulia huko. Mwaka 2012 Barack Obama alimwacha Mitt Romney pale kwa pointi zaidi ya 20. Miaka minne baadaye Donald Trump naye akamwacha Hillary Clinton kwa kama pointi 20. Katika kaunti zaidi ya 3,000 za nchi nzima, hakuna nyingine iliyotoka pointi 20 za Obama ikaenda pointi 20 za Trump. Sasa tuambizane, jamani: watu wa Howard walikuwa wabaguzi mwaka gani?

Ukiwatazama wagombea kwa jicho la mkulima wa Iowa, zile kura mbili zinaanza kufanana. Romney alikuwa tajiri wa kununua na kuuza makampuni, na kambi ya Obama ilimchora kama mtu wa kufunga viwanda. Trump, pamoja na utajiri wake wote, alikuja akitukana mikataba ya biashara iliyosainiwa na wakubwa wa vyama vyote viwili. Mtu anayeamini wakubwa wamekula na kumsahau angeweza kumpigia Obama, kisha Trump, na asione amebadilika hata kidogo.

Au nenda Kaunti ya Starr, Texas, ukingoni mwa mto unaotenganisha Marekani na Mexico. Wakazi karibu wote wana asili ya Kilatino. Clinton alipata asilimia 79 pale mwaka 2016, baada ya Trump kuwasema Wamexico maneno yote yale. Mwaka 2024 Trump akashinda. Mgombea urais wa Republican hakuwa ameshinda hapo tangu 1892! Kijiweni kwetu hili halikupata maelezo, likapita kimya.

Mimi naanzia dukani. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Ulishuka baadaye, ndiyo, lakini bei hazikurudi zilikokuwa, na Kamala Harris alikuwa makamu wa rais katika serikali hiyo hiyo. Siku sita kabla ya uchaguzi wao, Botswana waliking'oa chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966. Hilo tulilieleza bila shida: almasi haiuziki, vijana hawana kazi, watu wamechoka. Hakuna aliyekwenda kuchimba roho ya Mtswana. Ya Mmarekani ndiyo tunaichimba kila baada ya miaka minne, kana kwamba yeye hanunui mayai.

Sisemi ni bei tu. Wengi hawahami kabisa. Chama kwao ni kama Simba na Yanga, umezaliwa ukakuta baba ni Yanga. Kuhusu hao, kitabu kilichonisaidia ni *Strangers in Their Own Land* cha Arlie Hochschild (2016). Ni mwanasosholojia wa Berkeley aliyetumia miaka mitano akienda Louisiana, kwa watu ambao maji yao yamechafuliwa na viwanda na bado hawataki serikali ivibane viwanda hivyo. Mgeni husema haraka: wajinga hawa. Hochschild alikaa nao mezani, akarudi na picha ya foleni. Umesimama muda mrefu, haisogei, halafu unaona wengine wanaingizwa mbele yako, na mlinda mlango anawaachia. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri hahitaji kufafanuliwa hasira hiyo. Shida yangu ni kwamba kitabu hakiulizi sana nani alipanga foleni hiyo tangu mwanzo, na nani hakuruhusiwa hata kusimama. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye angalau alikwenda kulala.

Kosa letu kubwa, naona, ni kudhani kura ile inatuhusu. Mwaka 2008 Kenya ilitangaza sikukuu ya kitaifa Obama aliposhinda. Furaha ilikuwa halali yetu. Kura zilipigwa na watu waliokuwa wakipoteza nyumba na ajira. Mwaka 2025 ikawa kinyume. Januari 20, siku ya kuapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na wiki chache baadaye washauri wa kliniki za VVU, Kenya na Tanzania, walikuwa nyumbani bila mshahara. Nikasikia: Wamarekani wametuchagulia kifo.

Kura za maoni za huko zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba Mmarekani wa kawaida anadhani misaada inakula kama robo ya bajeti yao. Ukweli ni kama asilimia moja. Mtu anayeamini ni robo, na mayai yamepanda, hakai akatupima sisi na kutukataa. Kwenye karatasi yake ya kura rais yuko pamoja na sherifu wa kaunti, pengine na bodi ya shule ya watoto wake. Njombe haimo.