Niliinua mkono, na sikuwa nimelipa

Mara nyingi nawaletea habari za wengine. Leo nawaletea yangu, na haina sifa.

Wiki iliyopita niliingia katika chumba kimoja cha masomo hapa Makiso. Watafiti wachache walikuwa wanasomeana kazi zao juu ya kodi, kazi ambazo hazijamalizika. Kila mmoja alileta alichonacho, hata maswali ambayo bado hajayauliza mtaani, ili wenzake wamkosoe mapema. Mada ilikuwa tabia ya watu: kwa nini huyu analipa kodi na jirani yake halipi, wakati lupango zao ni sawa na mfuko wao ni sawa?

Mwongozaji alianza kwa kuuliza: «Nani hapa amelipa kodi ya nyumba mwaka huu?» Mikono mingi ilipanda, na wangu pia. Ndugu zangu, mimi sikuwa nimelipa. Lupango ya marehemu baba iko Mangobo, na sisi watoto tunasukumiana. Mkubwa anasema mdogo ndiye anakaa pale, mdogo anasema mkubwa ndiye ana karatasi. Lakini mimi ndiye ninayesoma tangazo la kodi redioni. Ningeuacha mkono chini namna gani?

Mwongozaji akacheka: «Hesabu hii siiandiki. Ukimuuliza mtu mbele ya wenzake, jibu linatoka kwenye haya.»

Halafu akatueleza habari za Kananga. Mwaka 2016 serikali ya jimbo la Kasaï-Central ilituma wakusanyaji nyumba kwa nyumba, na mtafiti Jonathan Weigel akafuatilia. Mitaa ya kufikiwa ilichaguliwa kama kwa kura, ili ilinganishwe na ile isiyofikiwa. Hawakutegemea maneno ya watu tu. Wakusanyaji walikuwa na mashine ndogo za kutoa risiti. Walipopita, malipo yaliongezeka. Jambo lililonishangaza ni hili: katika mitaa iliyoombwa kodi, watu karibu 5 zaidi katika kila 100 walihudhuria mkutano na serikali au waliandika maoni yao juu yake. Ukiombwa kulipa, unapata mdomo wa kuuliza.

Mwaka 2018 walirudi. Sehemu nyingine kodi ilikusanywa na mashefu wa mtaa, na mapato yakapita yale ya wakusanyaji wa leta, kwa sababu shefu anajua nani ana kitu na nani hana. Tena wenye nyumba zaidi ya 38,000 walipangiwa viwango tofauti, wengine wakapunguziwa hata nusu. Watafiti waliona kwamba kiwango cha kawaida kilikuwa juu mno: kukipunguza kwa karibu theluthi moja kungeiletea leta pesa nyingi zaidi, maana wengi zaidi wangeweza kulipa.

Baada ya hapo mtafiti kijana akasoma maswali yake ya sokoni. Alikuwa amemwalika mama mmoja muuza pondu, aliyekimbilia mjini kutoka upande wa Lubunga wakati wa mapigano ya 2023. Swali la tatu lilisema: «Je, mwezi uliopita ulilipa kodi ya soko? Ndiyo au hapana.»

Mama alinyamaza kidogo. Halafu: «Mwanangu, nililipa nani? Kuna mwenye kofia, kuna mwenye karatasi, kuna anayekuja giza likiingia. Nikisema ndiyo, utaandika nimelipa leta. Nikisema hapana, utaandika mimi ni mkaidi. Na beseni ni moja.»

Kijana akalifuta swali pale pale. Akaandika jipya: ulimpa nani, na alikupa karatasi gani?

Mama hakuwa amemaliza. «Na nyumba niliyoiacha ng'ambo, iliyoungua, nayo inadaiwa kodi?» Hakuna aliyemjibu. Mtafiti alisema tu kwamba swali hilo halimo katika karatasi yake, na kwamba litaingia.

Nimelifikiria sana. Kama mama yule angesikilizwa baada ya kitabu kuchapwa, yeye na wenzake wangekwisha kuitwa wakwepa kodi, na mtu fulani angepanga kazi yake juu ya uongo huo. Makosa yalisahihishwa kwa kalamu moja kwa sababu yalionyeshwa mapema.

Wakati wa kutoka, nilimwendea mwongozaji nikamwambia ukweli wa mkono wangu. Hakukasirika. Aliuliza: «Uliogopa nini?» Akafungua daftari.

Jumapili tuliketi na ndugu zangu Mangobo. Wawili wamekubali kuchanga, mmoja bado ana maneno. Mpaka tutakapolipa, nimeomba mwenzangu asome tangazo lile badala yangu.

Nyinyi mlio mjini tangu zamani, na nyinyi mliofika na mizigo kichwani, nawaomba jambo moja. Ukitoa pesa, omba risiti, uitunze. Mtu akikuuliza siku moja umelipa au hujalipa, usijibu kwa haya kama mimi. Onyesha karatasi, kisha muulize pesa ilikwenda wapi.