Msumeno wa mtumba, vidole vya nani?

Mchaga akionekana kijijini mwezi wa saba, watu huuliza nani amefariki. Krismasi bado iko mbali, na kahawa siku hizi si ya kumtoa mtu Dar. Basi nilipoteremka Mwika na begi langu dogo, niliulizwa mara tatu kabla sijavuka barabara: "Kuna msiba?" Nikajibu hakuna msiba jamani, nimefuata msumeno.

Ndiyo wandugu, msumeno. Binamu yangu ni seremala. Kwa miaka sita amekuwa akibeba mbao zake za mgrevilea kupeleka kwenye karakana ya mtu mwingine ili zipasuliwe, analipia kila ubao, na foleni ikiwa ndefu anarudi kesho. Akasikia kuna mzee Mwika anauza mashine yake ya kupasulia mbao, ya zamani, ya Mwingereza. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa nusu. Nusu nyingine akaniomba mimi mwandishi wa habari, kana kwamba magazeti yanalipa! Nikakubali kwa sharti moja: niione mashine kabla ya kutoa senti.

Tuliikuta katikati ya kihamba, kwenye kibanda cha mabati kilichozungukwa na migomba, imefunikwa turubai. Mzee alipoliondoa lile turubai, nakiri, nilinyamaza. Meza nzito ya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, rangi ya kijivu imebanduka pembeni, na kibao cha maandishi ubavuni: WADKIN, Leicester. Kiwanda hicho kilianzishwa Uingereza mwaka 1897. Kwenye mota palikuwa na kibao kingine: volti 415, fezi 3, "cycles 50". Hilo neno la mwisho lilinifurahisha. Jina la hertz liliingia kwenye mfumo wa kimataifa wa vipimo mwaka 1960, na viwanda vya Uingereza vilichukua miaka kulizoea. Kwa hiyo mota inayosema "cycles" si ya juzi. Pia ni habari njema kwa mnunuzi, kwa sababu umeme wetu nao ni wa mizunguko 50. Mota iliyotoka Marekani, iliyosukwa kwa mizunguko 60, hapa kwetu inazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa.

Mzee alitaka milioni moja na nusu. Hakuficha kwamba mtu wa vyuma chakavu alishampitia, akampigia hesabu ya kilo, ikatoka laki mbili na themanini. "Huyo alitaka kuja na nyundo," mzee akasema. Kumbe ndivyo zinavyoondoka hizi mashine. Chuma cha namna hii ukikipiga nyundo kinapasuka kama chungu, kinapakiwa vipande vipande, kinakwenda kuyeyushwa. Kinarudi nondo.

Sasa kazi ya ukaguzi. Mimi si fundi, lakini nilikuwa nimeuliza mafundi wawili wa Moshi mjini, na kuuliza ndiyo kazi yangu. Tuliweka rula ndefu juu ya meza na tochi nyuma yake. Mwanga haukupenya, maana yake meza haijapinda. Tukatafuta nyufa chini, hasa kwenye miguu na pale meza inapoinamishwa, maana chuma hiki kikishaunganishwa kwa shaba unakuwa umenunua kazi ya mtu mwingine. Hakuna ufa. Tukavua mkanda, nikashika shafti nikaitikisa juu na chini. Ilicheza kidogo, na ilipozungushwa kwa mkono ikakwaruza. Beringi zimekwisha. Hilo si kosa kubwa, beringi zinauzwa kwa namba dukani.

Kubwa lilikuwa katika vitu ambavyo havikuwepo. Juu ya diski hapakuwa na kava. Nyuma ya diski hapakuwa na lile pezi la chuma linalosimama kama pezi la papa. Na mahali pa kiwashio chake cha asili palifungwa swichi ya kugeuza, ya kawaida kabisa, imefungwa na utepe mweusi.

"Kaka," binamu akaninong'oneza, "mafundi wote wanafanya bila kava. Tusije tukamuudhi mzee, kuna mtu wa Marangu naye anaitaka."

Ni kweli, mafundi wengi wanafanya hivyo. Pita karakana kumi za barabarani uhesabu kava. Lakini hebu tupige hesabu nyingine. Diski ya inchi 10, ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, meno yake yanakimbia karibu kilometa 140 kwa saa. Basi likipita Njiapanda ya Himo kwa mwendo huo, trafiki hawamwachi dereva. Lile pezi la nyuma kazi yake ni kuzuia mbao isijifunge ikabana diski. Mbao ikibana, meno ya nyuma yanainyanyua na kuirusha kwa aliyesimama mbele, na mkono uliokuwa unaisukuma unavutwa kule kule kwenye diski. Na ile swichi? Umeme ukikatika, swichi ya kugeuza inabaki pale pale ilipowekwa. Fundi anasahau, anaanza kufuta vumbi la mbao kwa kiganja. Umeme unarudi. Malizia mwenyewe.

Nikamuuliza mzee, kwa adabu, vile vipande viko wapi.

Hakukasirika. Akaeleza kwamba pezi alilitoa siku moja alipokuwa anachimba mifereji kwenye fremu za milango. Mfereji haupasui mbao hadi juu, kwa hiyo pezi linazuia. Alikusudia kulirudisha jioni. Kazi nyingine ikaja, na nyingine, na ikawa hivyo kwa miaka. Kava lilifuata, kwa sababu lilikuwa limeshikizwa kwenye lile pezi. Kiwashio kiliungua, na siku ile mteja alikuwa anasubiri jeneza.

Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele yetu. "Mimi ninavyo kumi," akasema. "Kijana wangu wa mwisho wa kazi anavyo vinane na nusu. Ndiyo sababu nimeacha kazi."

Binamu akainamisha macho. Mimi nikasahau bei.

Wasomaji wangu, tuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na inataka mashine za hatari ziwe na kinga. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, ambao waajiri wanauchangia ili mfanyakazi akiumia kazini afidiwe. Lakini yule kijana hakuwa na mkataba, hakuandikishwa popote, jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Alikuja kujifunza kazi, kama vijana wengi wanaojifunza useremala nchini wanavyojifunza, kwa kusimama pembeni ya fundi na kuiga. Na alichoiga ni msumeno usio na kava. Angejuaje kwamba kuna kitu kimepungua?

Huko Marekani, mwaka 1999, bwana mmoja Steve Gass, mwanasheria mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia, alibuni msumeno unaohisi ngozi ya mtu na kusimama papo hapo. Ni jambo zuri sana, na bei yake si ya Mwika. Ila cha Mwika hakikuhitaji mvumbuzi. Kilikuwa kimetengenezwa tayari Leicester, kikaja na mashine kwenye kasha moja, kikang'olewa kwa spana.

Kuhusu spana, hapo napo tulijifunza. Mzee alikwenda ghalani, tukasikia makopo yakianguka, akarudi na gunia la kahawa. Ndani mlikuwa na pezi na kava, vimeshika kutu lakini vizima. Binamu akachomoa spana zake za milimita kuvirudisha, hakuna iliyokaa. Mashine hizi za zamani zinatumia nati za vipimo vya Whitworth, mfumo uliopendekezwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana yako ya 13 haiingii, ya 14 inapwaya. Mzee alikuwa na seti yake, na hiyo tuliiweka ndani ya mapatano. Ukinunua mashine kama hii, omba na spana. Hata diski inasumbua: shafti ni ya inchi moja, yaani milimita 25.4, wakati diski nyingi za dukani zina tundu la milimita 30. Inabidi pete ya kujazia, na iwe imechongwa sawasawa, si bati la kukunja.

Tulimalizana kwa milioni moja na laki moja na nusu. Beringi, mkanda, pete, kiwashio kipya chenye kontakta na gari la kuishusha vikala nyingine karibu laki sita. Binamu alinung'unika kuhusu kiwashio, maana swichi ya mzee ilikuwa inafanya kazi na ilikuwa ya bure. Nikamwambia nusu yangu ya fedha ndiyo iliyonunua kiwashio, na nusu yake ndiyo iliyonunua chuma. Tuligombana kidogo, kwenye mbege tukapatana.

Amekodi kibanda Himo ambacho zamani kilikuwa cha mashine ya kusaga unga, kwa hiyo fezi tatu zilikuwepo tayari. Siku ya kwanza waliiwasha bila diski, kwanza wasikilize beringi, pili waone inazunguka upande gani. Waya mbili kati ya zile tatu zikibadilishana nafasi, msumeno unazunguka kinyume. Na ndivyo ilivyokuwa! Fundi umeme akazibadilisha, ikakaa sawa.

Ana kijana mmoja wa kumsaidia, wa kama miaka kumi na minane, aliyetoka karakana nyingine. Siku ya pili kijana aliuliza kile kichuma cha nyuma ni cha nini na kama kinaweza kutolewa kwa sababu kinamchelewesha. Binamu, yule yule aliyeninong'oneza Mwika, akamwonyesha vidole vyake na kuanza kumsimulia habari za nane na nusu.

Mwezi uliopita nilikuwa pale nimekaa juu ya gogo. Umeme ukakatika ubao ukiwa katikati ya diski. Wakauchomoa, wakakaa, wakanywa chai. Baada ya robo saa taa ikawaka na redio ikaanza kuimba pale ilipoishia. Msumeno ukabaki kimya, unasubiri mtu abonyeze.