Kifuko cha Kiko

Aghalabu mtu atakaye kifuko cha kutilia kiko na tumbaku huenda dukani akakinunua. Njia hiyo haikunifaa. Babu yangu mzaa mama, mvutaji wa kiko tangu ujana wake, alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kuume ukapooza. Vifuko vyote nilivyoviona vilifungwa kwa zipu au kwa kifungo, na vitu hivyo hutaka mikono miwili. Ikawa mzee hana budi kumwita mtu amfungulie, naye ni mtu aonaye haya kuomba hata maji ya kunywa.

Basi nilikwenda Nairobi, katika soko la Kariokor, ambalo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na ambalo sasa lajulikana kwa mafundi wa ngozi. Nilichagua ngozi ya mbuzi, kwa kuwa ni nyembamba lakini haichaniki upesi. Tena nilitaka iliyodabaghiwa kwa magome ya miwati, si kwa chumvi za kromiamu, ingawa hii ya pili ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Ngozi mbichi ikilowa huoza, na ikikauka huwa kama ubao. Tanini iliyomo katika magome hushikamana na nyuzinyuzi za ngozi na kuikinga isioze. Ngozi ya namna hiyo ikiloweshwa kidogo na kukandamizwa juu ya kitu, hukauka na umbo la kitu kile. Ndivyo nilivyopata chumba cha kiko. Chumba cha tumbaku nilikitia bitana ya mpira mwembamba, maana ngozi tupu huiacha tumbaku ikakauka.

Mfuniko niliukata mfano wa ulimi upitao chini ya ukanda, ili kidole gumba kimoja kitoshe kuusukuma.

Kushona ndiko kulikonipendeza zaidi. Uzi hupakwa nta ya nyuki na kutiwa sindano katika kila ncha, kisha sindano zote mbili hupita katika kila tundu, moja kutoka huku na nyingine kutoka kule. Uzi ukikatika upande mmoja, ule wa pili ungali umeshika. Mshono wa cherehani hauna uaminifu huo.

Mama hakufurahi hata kidogo. “Mwanangu, mwalimu mzima,” aliniambia, “wawakataza watoto wa watu tumbaku, kisha wamshonea baba yangu nyumba ya kuiwekea!” Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Moshi wa kiko huleta saratani ya kinywa, na uvutaji huongeza hatari ya kiharusi. Darasani nayafundisha hayo bila ya kupunguza, pamoja na sheria ya mwaka 2007 iliyopiga marufuku uvutaji mahali pa watu wote. Daktari alimsihi mzee aache. Alimshukuru kwa adabu, asiache. Kumficha kiko ningaliweza, lakini sikuona kwamba ugonjwa ulionyang’anya mkono wake ulinipa mimi haki ya kumnyang’anya na hiari yake.

Alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakinusa, akausukuma ulimi, akaurudisha. Nilinyosha mkono nimsaidie kutia kiko. “Kaa, mjukuu wangu,” akasema. Mama alitazama kutoka mlangoni kitambo kizima, kisha akaniuliza kama kipande cha ngozi kilichosalia chatosha kufanya ala ya miwani ya mzee.