Mlango wa Komeo

Katika nchi ya Wasukuma nyumba haisimami peke yake. Liko boma la minyaa, liko zizi, iko ghala, uko uwanja uliofagiwa, na wako watu wakaao humo. Vyote pamoja huitwa kaya. Kwa hiyo mzee asiye na makao katika wilaya ya Bariadi hafanani sana na mwenziwe wa London au Chicago. Yule wa mbali aghalabu ameshindwa kulipa kodi ya chumba. Huyu wa Bariadi alikuwa na chumba, alikikandika udongo kwa mikono yake mwenyewe, kisha akafukuzwa humo na watu waliokula chakula alichokipika.

Msomaji amfikirie mjane mmoja wa miaka 70 hivi, ambaye mfano wake si haba katika mkoa wa Simiyu. Macho yake ni mekundu. Wekundu huo una historia ndefu kuliko umri wake, na historia yenyewe ni ya miti. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga, mkoa ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2012, ilifyekwa ili mbung'o wakose kivuli; halafu pamba ikadai mashamba na ng'ombe wakadai malisho. Nchi ikawa tupu, hata mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa kuhifadhi ardhi, ulioitwa HASHI, ili kuirudishia miti yake. Lakini chungu hakingoji mche ukue. Wanawake walipika kwa mabua ya pamba na kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, katika vibanda visivyo na dirisha, miaka 40, miaka 50, wameinama juu ya mafiga matatu. Moshi ukayala macho yao. Mtoto wa jirani akifa, watu huenda kwa mpiga ramli. Naye, ambaye hana haja ya kujua mengi, husema kwamba adui ni mwanamke, ni mzee, yu karibu, na macho yake ni mekundu. Katika kijiji kipikacho kwa moshi wa namna hiyo hakosekani wa kufanana na maneno hayo. Wako waliouawa usiku kwa mapanga. Wako waliopata kuonywa mapema, wakatoka na kanga moja.

Wala si kila apigaye kelele za uchawi huwa anamwogopa mchawi. Wengine hulitazama shamba. Kwa mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, mjane hana fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Tegemeo lake ni watoto. Wajane wawili wa Kisukuma wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao na ndugu za waume wao, walithubutu kwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zabagua, ila haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilisema kwamba Tanzania ilikuwa imevunja wajibu wake. Hawa hawakushtakiwa uchawi, kufiwa kulitosha.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, humwadhibu hata mwenye kumtaja mwenzake kuwa mchawi, na hilo ni jambo jema. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa akakae mahali pengine. Huenda nia ilikuwa kumwokoa. Hata hivyo yafaa kuangalia ni nani ahamaye na ni nani abakiye.

Basi mjane huyo aenda wapi? Kwa binti yake hawezi kukaa siku nyingi, maana adabu ya ukwe yamkataza kuishi uwanja mmoja na mume wa mwanawe, na habari za ramli zina miguu. Yabaki baraza za maduka mjini Bariadi, na meza za sokoni wauzaji wakiisha kwenda zao. Akibahatika, mtu wa Ustawi wa Jamii humwandikia barua ya kwenda Kolandoto, upande wa Shinyanga, safari ya zaidi ya kilometa 100, au Bukumbi katika wilaya ya Misungwi, ambako Serikali huwatunza wazee na wasiojiweza.

Wako wasomi wanaoyadharau makao hayo, wakisema kwamba kumtenga mzee si desturi ya Mwafrika. Wasemao hivyo hawajalala barazani wakati wa masika. Kule kuna kitanda, kuna uji, kuna dawa, na hakuna mtu wa kumtemea mate. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yasema kwamba familia ndiyo mlezi wa kwanza na kwamba makao ya namna hiyo ni njia ya mwisho. Kwa wazee walio wengi maneno hayo ni ya haki. Kwa mwanamke huyu ni machungu, kwa kuwa familia ndiyo iliyomtoa. Lakini ni kweli pia kwamba huko Kolandoto hakuna atakayempelekea mtoto mchanga ampe jina, wala hatazikwa ubavuni mwa mumewe.

Kwa sababu hiyo kazi iliyofanywa Magu yastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa. Magu ya siku zile ilikuwa pamoja na Busega, ambayo sasa ni wilaya ya Simiyu. Huko chama kiitwacho MAPERECE, kikisaidiwa na HelpAge International, kilishika njia nyingine: hakikumhamisha mzee, kilimjengea pale pale. Nyumba zenyewe hazikuwa kubwa. Pamoja nazo yaliletwa majiko yatumiayo kuni chache na kutoa moshi kidogo, yakafanywa mazungumzo na waganga, na sungusungu, na wanafunzi wa shule. Mtu wa haraka angedhani kwamba nyumba ni jambo moja na mazungumzo ni jambo jingine. Sivyo. Ukuta uliojengwa mbele ya macho ya kijiji kizima ni maneno: wasema kwamba huyu ni wa hapa. Na kijana aliyebeba maji ya kukandia udongo huona haya kuja kuuvunja ukuta ule. Jiko nalo ni shahidi wa utetezi, maana macho yakipoa, ramli hupungukiwa na hoja.

Pesa za kujenga hupatikana kwa shida, lakini hupatikana. Kigumu ni kumpata mwenyekiti wa kijiji atakayesimama mbele ya mkutano na kumtaja mjane huyo kwa jina lake, bila kuangalia pembeni.

Usiku wa kwanza mjane alala akiwa amevaa nguo zake zote, na komeo imefungwa kwa ndani. Ni kitu ambacho kibanda cha kale hakikuwa nacho. Asikiliza fisi, asikiliza mbwa, asikiliza miguu isiyokuja. Alfajiri mlango wabishwa. Hajibu. Wabishwa tena, chini chini, kwa mkono mdogo.

"Shikamoo, bibi. Mama aomba kaa la moto."

Anyanyuka, aivuta komeo.