SEHEMU YA 6: HERUFI ILIYOSIMAMA WIMA

Nimetoka naiti asubuhi, nimelala kidogo, sasa nimekaa kibarazani na chai yangu. Leo nakusimulia uongo ambao niliusema nikiwa kidato cha kwanza, kabla hata sijawaza kuwa nesi. Utaona mwenyewe kwa nini umenifuata mpaka wodini.

Shule yetu ilikuwa sekondari ya kata. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi sitini na kitu, na hadubini moja. Umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo Madam wa baiolojia aliiweka kwenye meza karibu na dirisha, ile ya kizamani yenye kioo cha kuakisi mwanga chini yake. Akatuonya: elekezeni kioo kwenye anga, siyo kwenye jua lenyewe, mtaunguza macho. Akakata herufi moja ndogo, "a", kutoka kwenye gazeti, akaiweka juu ya slaidi na tone la maji, akaifunika na kile kioo chembamba. Tupange foleni, kila mtu achungulie, kisha akachore alichokiona.

Zamu yangu ikafika. Nikabandika jicho. Giza. Nikafumba jicho la pili, nikakodoa. Nikaona vijiti vyeusi kama nyasi, vikicheza kila nikipepesa. Baadaye sana ndiyo nilijua zilikuwa kope zangu mwenyewe! Nyuma yangu watu wanasukumana.

"Umeona?"

"Nimeona, Madam."

Ungefanyaje wewe? Wote walionitangulia walikuwa wamesema wameona. Nikaenda kukaa, nikachora "a" nzuri ya kupendeza, imesimama wima, nikaipaka na kivuli.

Madam akakusanya madaftari, akayapanga mafungu mawili. Fungu moja kubwa, jingine dogo. Akashika lile dogo. "Hawa tisa wameona. Ninyi wengine mmechora mnachokijua."

Tukabaki tunatazamana. Kumbe hadubini inageuza picha. Juu inakuwa chini, kulia inakuwa kushoto. Aliyeiona herufi kweli lazima aichore kichwa chini miguu juu. Yangu ilikuwa imesimama wima kama askari wa gwaride.

Nilijua fimbo inakuja. Haikuja. Aliniita tu pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Ukisema hujaona, nitakusaidia. Ukisema umeona, nitakusaidia nini?"

Jioni ile akatubakiza, mmoja mmoja. Anza na lenzi ndogo kuliko zote, ile inayokuza mara 4. Ya jichoni inakuza mara 10, ukizidisha unapata 40, inatosha kabisa. Inama utazame kwa pembeni, sogeza slaidi mpaka karibu na lenzi bila kugusana. Sasa weka jicho, na lile la pili liache wazi. Zungusha gurudumu kubwa polepole, ukiitenganisha lenzi na slaidi, usiikaribishe tena ukiwa umechungulia, utavunja kioo. Ikianza kutokea, malizia na gurudumu dogo.

Kwanza nikaona duara jeupe kama mwezi. Halafu ukungu. Halafu, taratibu, ikatokea: "a" imepinduka, wino umekatika katika pembeni, na karatasi chini yake nyuzi nyuzi kama mkeka uliochakaa. Nikasogeza slaidi kulia, herufi ikakimbilia kushoto. Nilicheka peke yangu.

Miaka ikaenda, nikaingia chuo cha uuguzi. Tulipopelekwa maabara, mtaalamu alituonyesha vimelea vya malaria. Pale lenzi ni ile ya mara 100, na tone la mafuta juu ya slaidi, jumla mara 1000. Akatufundisha kwamba kabla ya kutoa jibu la hakuna, unapitia angalau maeneo 100 ya tone nene la damu. Na hata hapo haandiki "mgonjwa hana malaria". Anaandika kwamba vimelea havijaonekana. Nikamkumbuka Madam.

Sasa nije kwenye lenyewe. Wauguzi wenzangu mnajua ninachotaka kusema. Kuna kitu tunaita kupika. Joto unapima, mapigo unapima, lakini kupumua kunataka ukae dakika nzima unahesabu kifua cha mtu, na wodi imejaa. Basi unaangalia aliyetangulia ameandika nini, unaandika hicho hicho.

Usiku mmoja wodi ya watoto tulikuwa wawili, vitanda vimejaa. Kulikuwa na mtoto wa miezi minane, malaria kali, yuko kwenye sindano. Homa ilikuwa imeshuka, amelala. Nikafungua chati. Kupumua: 40, 40, 40. Kalamu ikawa imeshagusa karatasi niandike 40 ya nne.

Nikaziangalia zile arobaini tatu. Zimesimama wima, nzuri, zimenyooka.

Nikaweka kalamu chini, nikafunua kanga. Mama yake akaniambia, "Sista, leo kalala vizuri." Nikahesabu dakika nzima. 66. Nikafungua viganja vyake: vyeupe. Nikampigia dokta. Damu ilikuwa imepungua vibaya sana. Ya kumwongezea ikapatikana kabla ya alfajiri, na baada ya siku kadhaa mtoto alirudi nyumbani mgongoni mwa mama yake.

Usinipigie makofi. Arobaini ya kwanza kwenye chati ile ilikuwa mwandiko wangu, wa usiku uliotangulia. Sikuhesabu. Mpaka leo sijui usiku ule alikuwa anapumua ngapi.

Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu nililisema mbele ya wote. Inchaji aliniangalia muda mrefu, akasema, "Kaandike maelezo." Nikaandika. Mkono ulitetemeka.

Nawe mzazi unayesoma, chukua hii. Mtoto akiwa na homa au kikohozi, subiri atulie, funua nguo, hesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Wa miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka, zikifika 50 au zaidi anapumua haraka. Wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza 5, ni 40 au zaidi. Usisubiri asubuhi, mpeleke. Ukiwa wodini, muulize nesi kwa upole, "Sista, umehesabu?" Akikasirika, mwache akasirike. Wenzangu wengine watanielewa.

Sehemu ya 7 nitawasimulia zamu yangu ya kwanza chumba cha kujifungulia. Usiku mwema.