Safari ya Mama na Deni Letu



Ndugu zetu katika imani, sisi watoto wa Gatumba tumekua tukisikia ndege. Uwanja wa Bujumbura, uliofunguliwa mwaka 1952 na kupewa jina la Rais Melchior Ndadaye mwaka 2019, uko kilomita chache tu kutoka kwetu. Ni uwanja mdogo wa kimataifa. Una njia moja tu ya kurukia ndege, yenye urefu wa mita 3,600, na jengo lenye mapaa meupe ya mviringo yanayofanana na nyumba za msonge za wazee wetu. Kila ndege ikipita, mama yetu alikuwa akisema: "Inshallah, moja ya hizi itanipeleka Makka."

Hakuwa akisema tu. Kwa miaka mingi aliuza ndagala sokoni, na kila wiki aliweka akiba kidogo kidogo. Kufikia mwanzo wa mwaka 2020 nauli ya Hija ilikuwa imetimia.

Kisha yakaja ya kuja. Mwezi Machi mwaka huo uwanja ulifungwa kwa abiria kwa sababu ya korona. Mwezi Aprili mto Rusizi ukavunja kingo zake, maji yakaingia Gatumba, na maelfu ya watu wakahama. Nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa zilizozama. Tukakimbilia kwa jamaa zetu Buyenzi, tukiwa na magodoro mawili na sufuria.

Hapo ndipo sisi watoto tulipomwendea mama. Tulimwambia: "Mama, Hija mwaka huu haipo. Tukopeshe, tukodi nyumba. Tutakurudishia." Alitupa zote, wala hakuandikisha.

Uwanja ulifunguliwa tena Novemba 2020. Kodi tulilipa, ada za watoto tulilipa, lakini deni la mama tuliliacha. Mwaka 2021 Hija ilikuwa ya wakazi wa Saudia peke yao. Mwaka 2022 milango ikafunguliwa kwa wageni, ila kwa wasiofika miaka 65. Mama alikuwa na 66.

Ndugu zetu, tuseme kweli. Siku tuliyosikia sharti lile, mama alilia, na sisi mioyoni tulishusha pumzi, kwa kuwa fedha zake hatukuwa nazo. Astaghfirullah. Tulifurahia kizuizi cha mzazi wetu kwa sababu kilifunika uzembe wetu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 ikatangazwa kuwa sharti la umri limeondolewa. Udhuru ukaisha. Tulikaa kikao usiku mmoja. Mmoja akauza pikipiki, mwingine akauza kiwanja, wengine wakakata mishahara yao. Fedha zikatimia.

Mwezi Juni tulimsindikiza. Pale nje ya uwanja, kama ilivyo ada ya mahujaji, mama alitugeukia akasema: "Wanangu, nisameheni kama niliwakosea." Hakuna aliyeweza kujibu. Mwenye kudai ndiye aliyekuwa akiomba radhi kwa wadaiwa! Kaka yetu mkubwa ndiye aliyesema mwishowe: "Mama, sisi ndio tuliokukosea." Akatuwekea mkono kichwani mmoja mmoja, kisha akaingia ndani na kibegi chake. Ndege ikaondoka kuelekea Addis Ababa na hatimaye Jeddah. Tulisimama barabarani hadi ikapotea mawinguni.

Alhamdulillah, alirudi salama, na maji ya zamzam tukanywa sote.

Enyi vijana na wanafunzi, Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na wazazi wengi uwezo wao umo mikononi mwetu: ada walizotulipia, mikopo waliyotupa bila karatasi. Tusingoje mpaka mlango ufungwe ndipo tukumbuke. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize: je, nina deni la mama yangu?

Mwenyezi Mungu awakubalie wazazi wetu, na awarehemu waliotangulia bila ya kufika. Amin.

Wabillahi tawfiq.