Chuma cha Kale Chini ya Mapaa ya Mombasa

Mwaka 1154 al-Idrisi, aliyemwandikia Mfalme Roger wa Sicily habari za nchi za dunia, alisema kwamba watu wa Mombasa kazi yao ilikuwa kuchimba chuma na kuwinda chui. Leo mgeni aingiaye Mji wa Kale huona milango ya nakshi, wauza kahawa, na Ngome iliyoanza kujengwa 1593, chuma hakioni.

Wataalamu hutafuta mahali pa wahunzi wa kale kwa picha zilizopigwa kutoka katika ndege, kwani palipo na marundo ya mavi ya chuma ardhi huonekana nyeusi kuliko shamba la jirani. Huko Galu, kusini ya Diani, kumefukuliwa mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 1,000. Lakini juu ya kisiwa chetu ndege huona mapaa tu. Yatupasa kutazama kwa miguu, tena upesi: juzi pale Kibokoni vibarua walichimba msingi, nami nikiinama kuutazama udongo, lori likauchukua wote.

Ndugu msomaji, ukichimba kisima ukakuta vibonge vyeusi, vizito, vyenye vitundu, usivitupe. Weka alama mahali hapo, ukawaarifu watu wa makumbusho ya Ngome.